Masahihisho ya Jumatano

Kabla ya kutazama video ya mchezo, Verlin Stuckey alikuwa akiinamisha kichwa na kusema maneno yale yale: "Bwana, nisaidie nione kilichopo, si ninachotaka kuona." Alikuwa ameyasema kila Jumatatu asubuhi kwa miaka ishirini na tisa, katika klabu saba, na muda wote huo aliamini kwamba anajibiwa.

Alikuwa kocha wa ukuta katika futiboli ya Kimarekani. Ukuta ni watu watano, kila mmoja na kilo zake mia na arobaini, wanaosimama mbele ya mrushaji ili asivunjwe. Mrushaji akitupa mpira vizuri, sifa ni zake. Akiangushwa, lawama ni za ukuta. Hakuna mtoto anayelilia kununuliwa jezi ya mtu wa ukuta, na kocha wao naye huishi hivyo hivyo, nyuma ya kocha mkuu, kofia imeshuka usoni, akipiga kelele ambazo kamera hazizisikii.

Stuckey hakuwahi kulalamika. Wachezaji tisa aliowafundisha waliwahi kuitwa kwenye mchezo wa nyota. Klabu yake ya tatu ilitwaa ubingwa, akapewa pete kubwa ambayo aliivaa siku moja kanisani, akaona aibu, akaitumbukiza ndani ya soksi. Jina lake lilitoka gazetini mara nne, na mara mbili walikosea herufi. Mkewe, Lorene, alikuwa na maboksi mawili ya sahani ambayo hakuwa ameyafungua tangu klabu ya tano. Mtu akimuuliza, hujibu, "Ya nini? Nimeyafunga vizuri."

Sasa walikuwa Toledo, na klabu iliitwa Wafua Chuma. Ilikuwa Desemba, na ulikuwa umebaki mchezo mmoja. Wakishinda Jumapili, wanaingia kwenye mtoano. Wakishindwa, mwenye klabu alikwisha kusema redioni kwamba atafagia nyumba nzima. Makocha wanajua maana ya fagio hilo: anaondoka kocha mkuu, na wasaidizi wake kumi na tisa wanaondoka naye, hata wale waliofanya kazi yao vizuri.

Jumatatu hiyo, kulipopambazuka, Stuckey alisali sala yake, akachonga penseli nyekundu, akaweka mbele yake karatasi ya njano. Wenzake waliandika kwenye mashine ya kompyuta moja kwa moja. Yeye aliandika kwa mkono kwanza, kisha karani akaingiza. Kila mara mpira unapoanzishwa ni zamu moja, na kwa kila zamu kila mtu wa ukuta hupewa alama. Aliyefanya kazi yake hupata jumlisha. Aliyekosea hupata kutoa. Na aliyezembea hupata Z. Watu wa ukuta hawaogopi alama ya kutoa, kwa kuwa hilo ni kosa la mikono au la miguu. Z ni kosa la moyo.

Zamu ya arobaini na moja, robo ya tatu, mlinzi wa kushoto alisimama tu. Mpira ulianzishwa, wenzake wanne wakaingia kazini, naye akabaki amenyooka, mikono imening'inia, kama mtu anayesubiri lifti. Adui akampita bila kumgusa, akamwangusha mrushaji.

Mlinzi huyo alikuwa Tolliver Gaines. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mtu wa Georgia, mpole nje ya uwanja, na kwa miaka minne chini ya Stuckey hakuwahi kupata Z hata moja. Stuckey alirudisha video nyuma, akatazama tena. Akarudisha mara ya tatu. Moyo ulimuuma.

"Hata wewe, baba," aliiambia skrini. "Hata wewe."

Akaandika Z, akakandamiza mpaka ncha ya penseli ikavunjika.

* * *

Kikao cha ukuta kilikuwa saa nne, kwenye chumba chenye viti vipana vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Stuckey alisoma karatasi kwa sauti, zamu kwa zamu, kama alivyofanya siku zote. Akafika arobaini na moja.

"Gaines. Z."

Halafu chumba kikalipuka.

"Toka hapa! Tolly? Tolly wetu?"

"Mzee, hebu safisha miwani!"

"Jamani, mleteeni keki, Z ya kwanza hiyo! Mpigeni picha!"

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Dombrowski, mtu wa katikati, yule anayeanzisha mpira. "Mwacheni," alisema, "alikuwa anamsubiri mkewe amalize kujipodoa." Lakini alipokwisha kusema aliangalia viatu vyake, na Stuckey hakulijali hilo.

Ilikuwepo desturi. Stuckey aliianzisha katika klabu yake ya kwanza na kuibeba kila alikohamia. Mwenye Z husimama, mikono ubavuni, na kusema neno moja. Wenzake hujibu neno moja. Kisha hukaa, na hakuna anayelitaja tena.

Gaines alisimama. Kiti kililia.

"Nilizembea."

"Sahihisha!" wakajibu wote kwa pamoja, kama waumini kanisani.

Akakaa. Stuckey alipenda jinsi alivyosimama haraka, bila kujitetea. Alijisemea kwamba huyo ndiye mwanamume.

Masahihisho yalikuwa Jumatano, baada ya mazoezi. Chama cha wachezaji kilikuwa kimepiga marufuku adhabu za namna hiyo, kwa hiyo Stuckey hakuiita adhabu. Pembeni ya uwanja kulikuwa na chuma kizito chenye mto mbele, kilo mia tatu na zaidi, na mwenye Z hukipiga kwa mabega na mikono mara kumi, kila pigo kama la Jumapili. Theluji ilikuwa imeanza kushika kwenye nyasi. Wengine walikwisha kwenda kuoga.

"Kumi," Stuckey alisema. "Kichwa juu. Mikono ndani. Twende!"

Gaines alipiga. Chuma kiliruka, kikatua. Stuckey alihesabu kwa sauti, kwanza, kisha akaacha kuhesabu kwa sauti kwa sababu ya baridi, akawa anahesabu kwa vidole ndani ya glavu.

"Ngapi hizo, Kocha?"

"Saba."

Gaines akajiweka tayari kupiga tena. Akainuka, akashika magoti.

"Ngapi hizo, Kocha?"

"Si nimekuambia sasa hivi? Unanifanyia mzaha?"

"Hapana, Kocha."

"Basi ziwe kumi na mbili, ujifunze kuhesabu."

Gaines alipiga zote kumi na mbili. Alivua helmeti, akatembea mpaka kwenye uzio, akainama na kutapika, kisha akafukia matapishi kwa theluji kwa ncha ya kiatu, polepole, kama mtu anayezika kitu.

"Ni yale maharage ya kantini," alisema aliporudi.

Stuckey alicheka. "Jumapili usiyale."

* * *

Alhamisi asubuhi Gaines alibisha mlango wa ofisi. Nje kulikuwa na mawingu mazito, lakini alikuwa amevaa miwani ya jua.

"Kocha, una dakika?"

"Ninazo mbili. Keti."

"Nataka kuiona. Ile Z."

"Uione ya nini? Ulikuwepo."

Gaines alifunga mlango nyuma yake. "Hilo ndilo ninalotaka kujua, Kocha."

Stuckey aliweka kikombe cha kahawa mezani.

"Nakumbuka tukiingia mapumziko," Gaines alisema. "Nakumbuka nilikula chungwa. Halafu nakumbuka niko ndani ya gari, mke wangu Delphine anaendesha, ananiuliza ninacheka nini. Katikati hapo hamna kitu."

"Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili."

"Na Jumatatu ukasimama mbele ya watu ukasema ulizembea?"

"Wewe ndiye uliyesema, Kocha." Gaines alionekana kushangaa kuulizwa. "Karatasi yako haikosei."

Stuckey alizima taa ili mwanga usimuumize Gaines macho, akatafuta kamera ya nyuma ya goli, ile inayotazama ukuta mgongoni. Hakuanza na zamu ya arobaini na moja. Alianza na ya arobaini. Jumatatu alikuwa ameipa jumlisha na kusonga mbele, kwa sababu Gaines aliifanya kazi yake vizuri kabisa: alimsukuma mtu wake mpaka chini, watu wengine wakaanguka juu yao, filimbi ikalia.

Kocha wa ukuta hutazama mpaka filimbi. Baada ya filimbi hakuna alama, na mkono wake hujua wenyewe kubonyeza na kuruka kwenda zamu inayofuata. Kwa miaka ishirini na tisa Stuckey alikuwa ameruka yale yanayotokea baada ya filimbi, maelfu na maelfu ya mara. Sasa aliuzuia mkono.

Rundo la watu likafumuka. Wakati wanainuka, goti la mtu lilishuka kwenye helmeti ya Gaines, likaibana kwenye ardhi. Halikuwa goti la ubaya, lilikuwa goti tu. Gaines alilala. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa, vimeelekea juu, havikunjiki. Sekunde nne. Tano. Kisha akainuka peke yake, akatembea kwa utulivu mpaka kwenye kikundi cha timu pinzani, akasimama miongoni mwao. Dombrowski alikuja mbio, akamshika mkanda wa suruali, akamgeuza, akamwongoza mpaka mahali pake. Halafu ikaja zamu ya arobaini na moja.

"Yule aliyesimama pale ni mimi?" Gaines aliuliza.

"Ni wewe."

"Naonekana kama mjinga."

"Unaonekana kama mtu aliyeumia."

"Usiseme hivyo, Kocha." Gaines alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikataa kutulia kwenye skrini. "Usimwambie Imhoff. Yule daktari akishasikia, siku hiyo hiyo ananitoa. Yule kijana wa Nebraska anachukua nafasi yangu, na mtu wa miaka thelathini na moja harudishiwi nafasi. Nyinyi nanyi tukifungwa mnafagiwa. Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi acha nicheze. Mchezo mmoja. Mengine tutayaona."

Stuckey alijua la kufanya. Alilijua hapo hapo, mbele ya skrini, bila hata kusali. Lakini alichosema ni, "Ngoja nifikirie." Maneno hayo mawili alikuja kuyabeba kuliko mengine yote aliyopata kuyasema.

Mazoezi yalikuwa saa saba, na Gaines alifanya mazoezi. Stuckey alimtazama mpaka filimbi, na baada ya filimbi. Walipomaliza, wachezaji wote walielekea chumba cha kubadilishia nguo, na Gaines akaelekea kwenye geti la maegesho, helmeti mkononi. Dombrowski alimfuata, akamshika bega, akamgeuza. Hawakusemezana. Ilionekana wamekwisha kuzoea.

* * *

Jioni hiyo Stuckey alimkuta kocha mkuu, Kip Lanahan, anakula sandwichi ya bata mzinga juu ya michoro yake. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutafuna.

"Imhoff alimpima Jumapili?"

"Hakumwona. Aliinuka mwenyewe."

"Basi hana kitu."

"Kip, mtu hakumbuki nusu nzima ya mchezo."

"Hata mimi ningependa kuisahau nusu ile." Lanahan alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akafuta mikono. "Verlin, una miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

"Mimi nikifukuzwa, kuna mtu atanipigia simu. Wewe nani atakupigia? Na si wewe tu. Tupo ishirini humu. Kuna mmoja mkewe amejifungua juzi."

"Najua."

"Sikukatazi, bwana. Usije ukasema mahali kwamba nilikukataza. Mlango wa daktari huo hapo chini." Alichukua sandwichi tena. "Ila nenda na ile karatasi yako ya njano. Mwonyeshe Jumatatu uliandika nini. Mwambie na Jumatano ulimfanyia nini huyo mgonjwa wako. Mweleze vizuri, na hesabu yake."

Stuckey alitoka. Alishuka ngazi mpaka nusu, akasimama pale kwenye kidato, akashika ukuta wa saruji na kuinamisha kichwa. "Bwana, nisaidie nione..." Sala ikakwama. Alikuwa amekwisha kuona. Hakuna alichobakiza cha kuomba ila ujasiri, na huo hakuwa na mazoea ya kuuomba. Siku zote alidhani anao. Chini, mlango wa Imhoff ulikuwa wazi na taa inawaka. Alipita mbele yake, akaenda kwenye gari.

Lorene alikuwa amepika nyama na viazi. Stuckey alimweleza yote mezani, tangu ile Z mpaka zile kumi na mbili, na chakula kikapoa. Alimwambia kuhusu fagio, kuhusu wale ishirini, kuhusu simu ambayo haitapigwa. Alipomaliza, mkewe alitazama upande wa stoo.

"Maboksi mawili yamekwisha kufungwa," alisema. "Kazi imepungua."

* * *

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Imhoff, akaweka karatasi ya njano mezani kwake. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele fupi za mvi, mtu asiyependa maneno mengi. Alitazama video mara moja, akaanza kuandika.

"Alitapika?"

"Jumatano. Baada ya kupiga chuma."

"Kwa nini alikuwa anapiga chuma?"

"Kwa sababu ya hiyo Z."

"Alipiga mara ngapi?"

Angeweza kusema chache. Angeweza kusema kumi, na ingekuwa karibu na kweli. "Kumi na mbili. Zilikuwa kumi. Aliniuliza idadi mara mbili, nikamwongezea mbili."

Kalamu ya Imhoff ilisimama. "Alikuuliza kitu kile kile mara mbili," alisema, "na wewe ukamwongezea."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyehesabu."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa nimekwisha kujua. Nikamwacha afanye mazoezi."

Daktari hakumkaripia, na Stuckey angependa akaripiwe. Aliinua simu, akaagiza Gaines aletwe.

Walikutana kwenye korido, Gaines akiwa katikati ya wahudumu wawili wa tiba. "Nilikuambia wewe peke yako, Kocha," Gaines alisema. Hakupaza sauti. "Niliufunga na mlango."

Dombrowski alimsubiri nje ya ofisi, amejaa mlangoni.

"Umetuuza, mzee."

"Ulijua tangu Jumapili, Walt. Nimekuona ukimgeuza."

"Nilijua, ndiyo! Sasa? Aliniomba ninyamaze, nikanyamaza. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha wewe mwenyewe. Mwenzako akianguka, mwinue, mrudishe mahali pake. Ulitufundisha au hukutufundisha?"

"Niliwafundisha."

"Basi!" Dombrowski alitaka kuendelea, lakini kidevu chake kilianza kutetemeka, akageuka na kwenda zake.

Jumapili kijana wa Nebraska alipitwa mara nne. Wafua Chuma walifungwa kwa pointi tatu. Jumatatu saa moja asubuhi Stuckey aliweka kadi yake kwenye mlango wa jengo, taa ikawaka nyekundu. Akaijaribu tena. Mlinzi wa jengo, mtu waliyesalimiana kwa miaka minne, alimletea boksi nje kwenye baridi: sweta, Biblia, kopo la penseli, na bunda la karatasi za njano.

"Pole, Kocha," alisema mlinzi wa jengo. "Nimeambiwa nisikuruhusu upande."

Katika kazi ile simu hulia ndani ya wiki mbili au hailii kabisa. Lanahan alipata klabu siku ya tano. Stuckey alikaa jikoni na simu yake mezani kwa wiki mbili, kisha akaiweka kwenye droo pamoja na vijiko. Chama cha makocha wasaidizi kilimtumia kibao cha mbao cha kumpongeza kwa utumishi wa miaka ishirini na tisa. Safari hii herufi zote zilikuwa sawa. Aliwapigia simu klabuni mara tatu kuomba jambo moja tu, wafute alama moja kwenye mashine yao, na mara tatu akajibiwa kwamba kumbukumbu ni mali ya klabu na yeye si mtu wa klabu.

* * *

Mwishoni mwa Januari, Delphine Gaines alimpigia. "Anakuulizia," alisema. "Sijui kama nafanya vizuri kukuita. Lakini anakuulizia kila siku."

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya mto. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa mchana kweupe, na kwenye vioo vya jikoni palibandikwa karatasi nyeusi. Delphine alimpokea mlangoni bila kumpa mkono.

"Zungumza taratibu," alisema. "Sauti zinamchoma. Na asipokukumbuka, usimlazimishe. Jana alipotea kati ya chooni na chumbani."

"Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema pigo la kwanza huenda lingepona." Alimtazama usoni. "Huwa wanaishia hapo. Wanajua ni mapigo ya nani yaliyofuata."

Gaines alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, blanketi magotini, amepungua mwili. Alimtambua mara moja, akafurahi, na furaha ile ilikuwa ngumu kuitazama.

"Kocha! Umekuja. Keti, keti. Tumeshinda?"

"Hatukushinda, Tolly."

"Aa." Alifikiri kidogo. "Kocha, ile Z. Umeifuta?"

Stuckey alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa amejiandaa hata kwa ngumi. Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Kwenye mashine bado ipo," alisema. "Nimewaomba waifute, wamenikatalia. Lakini nimekuja nayo hii."

Alitoa karatasi ya njano mfukoni, akaikunjua juu ya goti, akachukua penseli nyekundu. Aliikata ile Z kwa mstari mmoja, kisha akaandika pembeni, polepole, ili herufi zisomeke: *Hakuzembea. Aliumia. Sikuona. V. Stuckey.* Akampa.

Gaines aliisoma midomo ikichezacheza. Ilimchukua muda mrefu. "Asante, Kocha," alisema, na akaiweka kwenye blanketi. Mahali fulani ndani ya nyumba mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Delphine alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Kocha," Gaines alisema.

"Naam."

"Ile Z. Umeifuta?"

Delphine alifumba macho. Stuckey alinyoosha kidole kwenye karatasi, lakini Gaines hakuitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na ile aibu ya Jumatatu, mpya kabisa, kana kwamba imesomwa sasa hivi mbele ya watu kumi. Alitupa blanketi pembeni. Akashika mikono ya kiti, akaanza kujiinua, na Stuckey akaelewa anachotaka kufanya.

"Hapana, Tolly. Keti."

"Lazima nisimame, Kocha. Ndiyo desturi."

"Keti, baba. Si zamu yako."

Alimshika mabega akamrudisha kitini. Kisha Verlin Stuckey akarudi nyuma hatua mbili mpaka katikati ya chumba kile cha giza, akanyooka, akaweka mikono ubavuni kama alivyowafundisha watu wa klabu saba, na ambavyo yeye mwenyewe hakuwahi kufanya hata siku moja.

"Nilizembea," alisema.

Gaines alimtazama. Kitu fulani kilichobaki ndani yake, kilichokaa mahali ambapo goti na chuma havikufika, kilijibu hapo hapo, kwa sauti nzito ya kikaoni.

"Sahihisha!"

Delphine aliweka mkono mdomoni. Sauti ile kubwa ilimuumiza Gaines mwenyewe. Alishika kichwa, akainama, akakaa hivyo mpaka maumivu yakapita. Stuckey aliendelea kusimama. Alisali, bila maneno sasa, wala hakumwomba Mungu amwonyeshe kitu.

Gaines aliinua kichwa. Alimwona mtu amesimama katikati ya chumba, akamtambua, akafurahi.

"Kocha! Umekuja." Kisha furaha ikamtoka usoni. "Kocha, ile Z..."

Stuckey akanyooka tena, mikono ubavuni.